Maganda ya Karanga ya Ballarat

Cuthbert Pengelly alizomewa miaka ishirini na sita, na aliona fahari. Pale Ballarat, mji wa Australia, ndiye alikuwa mwovu wa kila mchezo. Akitokea tu jukwaani na kofia yake nyeusi, watu wa roshani humrushia maganda ya karanga. Siku wasiporusha, hurudi nyumbani hana raha, akamuuliza mkewe Adelina, "Leo nimekosea wapi?"

Zikaja filamu, za kimya siku hizo, jukwaa likafungwa, naye akachukuliwa kucheza mwizi wa farasi. Walipiga picha machungani siku mbili, na Pengelly alinguruma kila neno mpaka farasi wakatimua mbio.

"Punguza, mzee!" mpiga picha alilalama. "Mashine haina masikio!"

"Koo ninalo," alijibu. Mbishi huyo! Maneno ya mwizi anayekufa aliyatunga mwenyewe, akayapenda kuliko yote: "Nitarudi, na farasi wenu wananijua!"

Filamu ilipoletwa Ballarat, katika ukumbi wake uleule wa zamani, Adelina alimpigia koti pasi. "Mcheza kwao hutunzwa," alisema. Pengelly alitaka kitu kimoja tu, wamzomee tena.

Siku hizo msemaji alisimama nyuma ya kitambaa cheupe, akiwasemea watu wa kwenye picha. Kazi hiyo alipewa Rupert Oakes, karani wa posta, mwenye sauti nyembamba kama ya mbu. Hata hivyo mwizi alizomewa barabara, na Pengelly akatabasamu gizani. Kisha mwizi akapigwa risasi, akafumbua kinywa, na Rupert akalia, "Nisamehe, mama!"

Lo! Mama ametokea wapi? Pengelly akasimama. "Sikusema hivyo! Nilisema nitarudi, na farasi wenu wananijua!"

Ukumbi mzima ukamzomea. Kwa kitambo alisikia utamu wa zamani. Halafu akasikia wanachosema.

"Keti, babu! Unamziba mwizi!"

Akatazama mbele. Kivuli cha kichwa chake kilikuwa kimefunika uso wake mwenyewe pale kwenye kitambaa. Adelina akamvuta koti, naye akaketi. Ilimuuma, tusifichane.

Taa zilipowashwa, Rupert alitoka mbele ya kitambaa, akainama, na watu wa roshani wakamrushia maganda ya karanga. Pengelly aliyatazama yakianguka.

"Leo nimekosea wapi?" alimuuliza mkewe.

"Hukukosea, mume wangu," Adelina alisema. "Vaa kofia, twende."