Niliwaficha Washonaji Wawili Nyuma ya Mbunifu wa London

Nilikosa, na sikukosa kwa bahati mbaya. Nilipanga uongo wangu kama ninavyopanga vifaa vya gereji, kila kimoja mahali pake, ndiyo maana uliponiangukia uliniangukia wote kwa mara moja. Jina langu sitalitaja. Hapa Dallas tunajuana, na bado nahitaji kualikwa kwenye harusi za watu.

Mimi ni Mtanzania wa makamo, na mengi ninayoyajua nimejifundisha mwenyewe. Ufundi wa magari nilijifunza kwa vitabu vya maktaba na kwa kuharibu. Nilikuwa na gari dogo la Kiingereza la miaka ya sitini, usukani kulia, halina kiyoyozi, nililolifufua kwa mikono yangu. Mwaka 2019 binti yangu Neema alipochumbiwa na kijana wa Houston, aliniambia, "Baba, mimi kanisani unanipeleka wewe, na kagari kako."

Nilijifungia gereji nikalia kidogo. Sikutaka kitu kingine maishani.

Shida ilikuwa ndani: viti vimechanika, milango imebaki ubao mtupu. Nilikuwa nimesoma kwamba wabunifu wakubwa wa mavazi wa London waliwahi kukabidhiwa magari kama lile wayavishe, yakatoka kama matoleo maalumu. Wazo likaning'ang'ania. Na mimi nitakuwa na toleo langu maalumu, limevaa kitenge cha kijani na dhahabu, sare ya harusi ya Neema.

Washonaji ninaowaamini ni wawili. Dada Zubeda, Mtanzania mwenzangu, anashona nyumbani kwake Richardson. Mama Espérance, Mrundi, anafanya kazi hotelini na jioni anashona kwake Lewisville. Lakini walikuwa hawasalimiani. Waliwahi kushirikiana magauni ya wasimamizi wa harusi moja, mikono ya magauni ikabana, kila mmoja akamtupia mwenzake lawama mbele ya bibi harusi. Tangu siku ile, kazi aliyoigusa mmoja, mwingine haigusi.

Mwenye akili angechagua mmoja. Mimi nilimpa Zubeda viti, nikamwambia milango na dari vinashonwa na mbunifu wa London. Espérance nikampelekea milango na dari, nikamwambia viti vinatoka London. Sababu ya kwanza ilikuwa ugomvi wao. Ya pili, ambayo leo naikubali, ni kwamba neno London lilinikaa vizuri mdomoni. Nao, masikini, wote wawili walikataa malipo. Kila mmoja alisema ni zawadi yake kwa Neema.

Gari nililionyesha kwenye sendofu, sherehe ya kumuaga Neema, Jumamosi iliyotangulia harusi, nje ya ukumbi Plano. Sikujua kwamba mke wangu amewaalika wote wawili.

"Huyu Mzungu ana mkono," Zubeda alisema, akipapasa mlango. "Ona kona hii. Mimi ingenitoa jasho."

Upande wa pili Espérance alikuwa ameshajiketisha. "Na hivi viti! Bon, huyu bwana wa London ni fundi kabisa. Mimi nilifanya milango tu."

Zubeda akainua kichwa. "Ulifanya nini?"

"Milango. Na dari."

"Viti nimeshona mimi."

Wakanigeukia. Nilikuwa nimeshika sahani ya pilau, nikaona ni wakati mzuri wa kutafuna.

"Baba Neema," Zubeda alisema polepole, "kumbe London iko Lewisville."

"Na Richardson pia, Papa Neema," Espérance akaongeza.

Wakaangua kicheko. Walikuwa wameshasifiana mbele za watu, na sifa hairudishwi tumboni. Nikacheka nao, nikadhani nimepona.

"Sasa nenda kwenye maiki ututaje," Zubeda akasema. "Sisi tutasikiliza."

Ndani, mshereheshaji alikuwa ameshatangaza toleo maalumu la London, kama nilivyomwagiza. Wakwe wa Houston walikuwa wamepiga makofi, na baba mkwe wa Neema alinishika mkono kwa heshima niliyoionea raha. Nikapewa maiki. Niliwaona wanawake wale wawili wamesimama pamoja mlangoni. Nikasema asanteni kwa kuja, Mungu awabariki, nikarudisha maiki.

Uongo wa kwanza ningeweza kuutetea. Huu hapana.

Jumapili nilienda kurudisha viti vya ukumbini tulivyokodi. Niliporudi, gari lilikuwa uchi: springi, sponji na mbao. Mke wangu alikuwa anamenya viazi.

"Walikuja pamoja," alisema. "Walisema wanarekebisha mshono."

"Na wewe ukawafungulia?"

"Zawadi ni ya Neema. Wameibadilishia chombo tu."

Sikumwelewa mpaka asubuhi ya harusi. Vani ya Espérance ilisimama mbele ya nyumba, viti vimevaa kitenge kilekile cha kijani na dhahabu, kimeungwa vipande kitoshe, milango na dari vilevile, na kiyoyozi kinavuma. Nyuma yake lilikuwa gari langu, nimetandika blanketi juu ya springi.

Neema alitoka na gauni lake jeupe. Akatazama magari yote mawili, kisha mimi.

"Dad, seriously?"

"Blanketi ni safi, mwanangu."

"Nakupenda, Baba. Lakini naenda nao."

Niliwafuata barabara ya 75 yote, jasho linanitiririka, springi zinanichoma kila penye shimo. Kanisani wageni wa Houston walikuwa wameizunguka vani, na Zubeda na Espérance wanapokezana kueleza nani kashona nini. Siku hizi wanafanya kazi pamoja na wanapokea wateja wa kila aina, isipokuwa mmoja.

Wewe unayesoma, kama mikono ya watu imekupendezesha, wataje kwa majina wakiwa bado wamesimama hapo, hata kama mkwe wako atashangaa. Mimi nilitakiwa kutamka majina mawili nikayameza, na siku niliyoingoja tangu Neema azaliwe nikaiendesha peke yangu, kiti cha pembeni kitupu.