Benchi la Fundi Lapigwa Mnada

Msidhani Mama Fundi aliuza benchi la marehemu mumewe kwa njaa. Alikuwa anahamia chumba kimoja, benchi la useremala lisingeingia, na wanawe wawili, Bonge na mdogo wake Kijiti, hawakuwa wakisemezana tangu mazishi. Alipompigia Bonge aje alichukue, alijibiwa, "Mpe Kijiti, si ndiye kipenzi chako?" Kijiti naye akasema, "Mpe kaka, yeye ndiye mkubwa." Haya, wewe ungefanyaje? Umpe mmoja umkose mwingine? Mama Fundi akasema potelea mbali, acha linunuliwe na mgeni. Akawatumia wote wawili ujumbe kwamba linapigwa mnada mtandaoni, asije mtu akalia baadaye.

Shoga yake Msusi, mzoefu wa kuuza mikoba na viatu mtandaoni, ndiye aliyelipiga picha: jiliwa la kubania mbao lenye kutu, droo isiyofunga, alama za msumeno ukingoni. Mama Fundi alitaka waanze na elfu themanini. Msusi akakataa katakata.

"Ukianza juu, watu wanapita tu. Anza na elfu tano, waingie."

"Elfu tano? Benchi lililosomesha wanangu?"

"Hiyo ni bei ya kufungulia mlango, shoga yangu, siyo ya kuondokea."

Akakubali shingo upande. Siku ya kwanza akajitokeza mtu mmoja, jina limefichwa kwa vinyota, na bei ikasimama pale pale kwenye elfu tano. Ya pili hivyo hivyo, ya tatu hivyo hivyo. Siku ya sita alikwenda saluni kumwambia Msusi aliondoe. Heri liwe kuni kuliko kudharauliwa namna ile.

Msusi akakiacha kichwa cha mteja nusu kimesukwa. "Hujaelewa. Huyu hajasema benchi lako ni la elfu tano. Kila mtu anaandika kwa siri kiwango chake cha mwisho. Mtambo unampandishia pale tu anapotokea mpinzani, tena unamweka juu kidogo tu ya mpinzani huyo. Labda ameandika laki mbili, sisi tutajuaje? Mtu mmoja hapandishi bei. Wanatakiwa wawili."

"Na huyo wa pili yuko wapi?"

"Wajanja hawajionyeshi mapema. Vumilia."

Mnada ulikuwa ufungwe Jumamosi, saa nane mchana, na Mama Fundi alikuwa tena saluni kwa Msusi, wakiitazama simu. Zikibaki dakika nne, wa pili akatokea. Bei ikaruka hadi elfu thelathini, na bado wa kwanza alikuwa mbele. Wa pili akaongeza, hamsini, sabini, laki, na kila akiongeza mtambo ulimjibu papo hapo kwa niaba ya mwenzake. Mteja wa Msusi akasahau kabisa nywele zake. Muda ukaisha kwa laki moja na arobaini na mbili.

"Hao walikuwa wanalitaka kufa na kupona," Msusi akasema.

Simu ikaleta jina la mshindi. Mama Fundi akalisoma, akafuta miwani, akalisoma tena. Ni Bonge. Huyo huyo wa "mpe Kijiti" alikuwa ameweka kiwango chake tangu siku ya kwanza, akanyamaza kimya.

Kabla hajasema neno, simu ikaita. Alikuwa Kijiti.

"Mama, nimelikosa benchi la baba. Nimepanda mpaka akiba yangu yote ikafika mwisho. Kuna mtu amenizidi kidogo tu. Mwombe aniuzie, tafadhali."

Machozi yakamtoka Mama Fundi mbele za watu, wala hakuona haya. Wiki nzima alikuwa ameumia akidhani hakuna anayelitaka.

"Njoo kesho asubuhi, mwanangu. Benchi ni zito, aliyelinunua hawezi kulibeba peke yake."

"Ni nani huyo?"

"Njoo tu ushike upande mmoja."

Akakata, akampigia Bonge, akamwambia aje kesho asubuhi kulichukua benchi, asihangaike kutafuta kibarua wa kumsaidia kulibeba.