Wanaume Watatu Wenye Bunduki Getini Kwangu

Jamani, leo saa kumi jioni nimeilinda familia yangu. Yaani, karibu familia yote.

Nilichungulia tundu la geti hapa mtaani Iftin nikaona wanaume watatu. Kikoi kiunoni, ndala miguuni, bunduki begani.

Mimi ni mwalimu kutoka Kitui, sijamaliza hata mwezi hapa. Kwetu bunduki huja na sare.

Nikakimbia ndani, nikakomea mlango, nikawasukuma watoto chini ya kitanda, nikashika mchi wa kinu.

Geti likagongwa. Binti yangu Mueni akauliza, "Baba, na mama?"

"Si yuko chumbani?"

"Yuko nje, nyuma ya nyumba, anapika chai."

Nikautazama mlango: kumbe nimemfungia nje. Lakini mke ni mke. Nikafungua mlango, nikatoka mbio mchi ukiwa juu, nikipiga kelele ambazo hata mimi sikuzielewa.

Wale wanaume walikuwa wameketi mkekani. Mke wangu amewafungulia geti, anawamiminia chai.

"Baba Mueni, hawa ni askari wa akiba. Si wewe uliyemwomba chifu ulinzi?"

Kweli niliomba, Jumatatu, mkutanoni, tena nimesimama. Nilisahau tu kuuliza wanavaaje.

Mkubwa wao, mzee mwenye ndevu za hina, akautazama mchi wangu, akatikisa kichwa.

"Maalim, nyumba tutalinda sisi. Wewe linda mama."

Mke wangu alicheka mpaka akamwaga chai.

Wanaume wenzangu, semeni ukweli: nyinyi mngehesabu watu kwanza, au mngefunga mlango kwanza?