Vitambaa vya kuogea vya mujane

Tangu alipofiwa na bwana yake, Mwelwa hakuweza tena kukaa na mikono mitupu. Bwana alikuwa dereva wa kamio, na kamio ilipinduka kwenye barabara ya Kasumbalesa ikamulalia. Miezi nane ilikuwa imepita. Kila asubuhi, akisha kumunyonyesha mutoto wake Gracia na kumulaza kwenye mukeka, alikaa mulangoni, akatoa sindano yake ya kroshe, akaanza: munyororo wa vitanzi makumi tatu, kugeuza, kurudi, kugeuza tena. Vilikuwa vitambaa vya kuogea, vya pamba nyeupe, na pembeni uzi wa kijani. Kwenye kona ya kila kimoja aliacha kitanzi cha kutundikia, maana alijua mabafu ya kwao ya mabati: kitambaa kisipopata musumari kinaishia kwenye matope. Kisha alikipitisha kwenye shavu lake. Uzi ukichoma hata kidogo, alifumua yote. Shavu la mutu mukubwa likinung'unika, la mutoto litalia.

Kazi hiyo ilikuwa ya kermesse. Bamama wa parokia walitayarisha soko la kusaidia nyumba ya wazee, na kila mama alileta kitu alichofanya kwa mikono yake. Kwa Mwelwa, jambo hilo halikuwa dogo. Tangu kilio, hakuna aliyemwita kupika kwenye sikukuu. Hakuna aliyemupa mutoto amushikie. Walimusalimia vizuri, lakini mikono iko nyuma. Basi alijiambia: siku watakapopanga kazi yangu pa meza pamoja na ya wengine, nitajua nimerudi kati ya watu.

Sababu ni kwamba alikuwa hajaoshwa. Kwao, mwanamuke akifiwa, familia ya bwana ndiyo inakuja kumuosha kwa maji na dawa, kifo kimutoke. Mbele ya hapo, mwili wake unaogopwa, na kile anachogusa kinaogopwa pia. Gérard, kaka mukubwa wa marehemu, alikuwa anavuta siku.

«Toa kwanza papier ya parcelle,» alimuambia kwa telefone, maana alitaka hati ya kiwanja na nyumba aliyoacha marehemu. «Njo tutakuya kukuosha.»

«Shemeji, nyumba iko ya Gracia.»

«Basi ukae vile.»

Mwelwa alikata telefone, akacheka kicheko kibaya. Dada yake Mapalo alikuwa anachambua matembele karibu naye.

«Maji ni maji,» Mwelwa akasema. «Naogaka kila siku na sabuni. Kile kifo banasema, kinajifichaka wapi? Mu masikio?»

«Weye! Siku moja ile kinywa itakupeleka ku tribunal,» Mapalo akajibu. Lakini bakuli lake la matembele alilivuta kidogo upande wake. Mwelwa aliona.

Jumamosi alipeleka vitambaa kumi na vine na vifuko sita vya kutia sabuni, alivyosuka kwa uzi uleule, kwa Mama Clotilde, mukubwa wa bamama wa parokia. Mama Clotilde alipokea mufuko kwa ncha za vidole.

Siku ya Mungu, kisha misa, meza zilipangwa kwenye kiwanja. Mwelwa, Gracia mugongoni, alipita meza zote akitafuta rangi ya kijani. Aliona kofia za watoto, soksi, nappe za kutandika meza. Kijani hakuna. Alipoinama, aliona mufuko wake chini ya meza, bado umefungwa kwa fundo lake mwenyewe.

«Mama Clotilde, bintu byangu juu ya nini biko chini?»

«Ah, Mwelwa, chérie. Meza imejaa.»

Binti mumoja wa kwaya, jina lake Mimi, aliyekuwa anauzisha soksi, akacheka. «Imejaa? Hapa unaweza kulalisha mbuzi na batoto yake!»

«Weye Mimi, funga kinywa.» Mama Clotilde akamusogelea Mwelwa, akashusha sauti. «Haiko miye, mama. Ingekuwa nappe, ningeweka. Lakini hii ni kitu ya kusugulia mwili. Mwili ya mutoto wa bantu! Bakiuliza nani alisuka, mi nijibu nini?»

«Ujibu: ni Mwelwa.»

Mwelwa akavuta mufuko, akafungua fundo, akapanga vitambaa vyake mwishoni mwa meza, kimoja kimoja, akasimama nyuma ya meza. Watu walipita. Wale wa kartie yake, majirani waliojua kilio chake, walipofika mwisho wa meza walizunguka, sawa mutu anavyozunguka kidimbwi.

Kisha akafika Ntumba, mwanamuke kijana ambaye familia yake ilitoka Kasai, aliyehamia kartie mwezi uliopita tu. Alikuwa na mimba kubwa, karibu kuzaa. Aliokota kitambaa, akakikunjua.

«Aah! Laini sana! Ni weye ulisuka, mama?»

«Ni miye.»

Ntumba akakilaza juu ya tumbo lake, akakipapasa. «Unasikia, weye wa mu tumbo? Nguo yako ya kuogea njo hii. Usikuye na kelele.»

Binti wa kwaya alitazama soksi zake. Mama Clotilde alitazama upande wa kanisa. Mwelwa angenyamaza tu, na kitambaa kingeenda.

Alifungua kinywa amushukuru. Lakini aliona uzi wake umelala juu ya tumbo la mutu, na akamuogopea mutoto aliye ndani.

«Achia,» akasema.

«Mama?»

«Achia ile. Chukua kofia ya huko.»

«Lakini mi nataka hii.»

«Bado habajaniosha,» Mwelwa akasema. «Bwana alikufa. Bado.»

Ntumba akakiondoa kwenye tumbo. Hakukitupa. Alikikunja vizuri, akakirudisha mahali pake, kisha akapangusa kiganja kwenye kikwembe alichojifunga, na papo hapo akapata haya kwamba amepangusa.

«Pole, mama,» akasema, akaenda.

«Umefanya muzuri,» Mama Clotilde akanong'ona. Miezi nane Mwelwa hakusikia neno la sifa kutoka kwake, na hilo la kwanza lilimuuma kuliko yote.

Akakusanya kazi yake mufukoni. Hakuna aliyemufukuza. Maji ni maji, alikuwa akisema. Na yeye mwenyewe ndiye aliyekataa. Nje ya kiwanja, pa kivuli cha ukuta, alimufunga Gracia upya mugongoni, akatoa telefone.

«Shemeji,» akasema. «Mukuye.»

Gérard hakuuliza habari ya papier; alijua kwamba kwa kumuita, Mwelwa ameisha kukubali kuitoa. Aliuliza tu ni siku gani.