Msafara wa Posa na Taa za Tela

Aibu nyingine mtu huzificha hadi watu wazisahau, lakini hii yangu ilitazamwa na ukoo mzima wa wakwe, wengine wakiwa dirishani na simu mkononi, kwa hiyo afadhali niisimulie mwenyewe kabla hamjaonyeshwa video.

Mpwa wangu Elia alikuwa anaposa, nami nikateuliwa mshenga (naandika makala, na watu hudhani anayeandika anajua pia kuongea). Msemaji wa upande wa binti alikuwa mjomba wake, Mzee Kasiani wa kitongoji cha Unionville huku ughaibuni, ambaye sifa zake zilitutangulia: posa iliyokuja kabla yetu ilichelewa, akawasalimia mlangoni, akawashukuru kwa kuja, akawarudisha. Sisi tuliambiwa saa nane mchana, wote kwa pamoja. Elia alikuwa hali wala halali.

Zawadi kubwa ilikuwa kiti cha bibi yake binti, kile cha kuegemea kinachoinua miguu, na hakikuingia kwenye gari la yeyote kati yetu. Jirani yangu wa Scarborough, Dagi, ana tela la kubebea pikipiki zake za theluji. Akasema chukua, ila taa za nyuma zimevunjika, mpya hizi hapa kwenye boksi, fundi atazifunga kesho asubuhi. Hapo ndipo nilipoharibu. Nikasema, "Nitazifunga mwenyewe."

Si ubahili, jamani, ni udadisi. Miaka yote nimeendesha nyuma ya taa za watu bila kujua taa moja nyekundu inawezaje kuwa ya usiku, ya breki na ya indiketa kwa mpigo. Kumbe ni nyaya nne tu! Mweupe wa ethi, yaani wa kugusa chuma cha tela, wa kahawia wa taa za usiku, wa njano wa kushoto, wa kijani wa kulia. Mke wangu alichungulia gereji akasema, "Baba Neema, si umwachie fundi?" Nikamwambia arudi ndani, kuna baridi.

Nikatandika kadibodi, nikajilaza chali chini ya tela, miguu imetokeza nyuma, nikakwangua kutu ili waya wa ethi ushike chuma, nikaunga wa njano kwenye taa ya kushoto kwangu na wa kijani kwenye taa ya kulia kwangu. (Wenye akili mmeshaona. Ukilala chali namna ile, kushoto kwako si kushoto kwa gari.) Na kwa kuwa nilikuwa peke yangu, siwezi kukaa kwenye usukani na kusimama nyuma kwa wakati mmoja, nikawasha zile za dharura zinazowaka pande zote mbili, nikazunguka nyuma kutazama. Zinawaka! Nilizitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kesho yake tukakutana Agincourt, kwenye maegesho ya maduka. Anwani ya wakwe, ambako hata Elia hakuwahi kufika, nilikuwa nayo mimi tu. "Msihangaike na simu," nikatangaza, "fuateni taa zangu."

"Ulizofunga wewe?" akauliza Shangazi Theodora, mkubwa wa msafara, aliyekuwa amekaa na mke wangu kwenye gari la Elia.

"Shangazi, zinaonekana hadi Montreal!"

Tukaondoka. Kiti kwenye nailoni yake kilikuwa kimeziba kioo changu cha kati na taa za gari langu pia, kwa hiyo walionifuata walikuwa na taa za tela tu za kuziamini. Kwenye makutano makubwa nikawasha kulia, basi la mjini likaingia kati yetu likawaziba wasinione, nikakata kulia, nami nikaendelea nikiwa na furaha zangu. Simu nilikuwa nimeizima sauti kwa heshima ya ukweni.

Nikafika mapema. Nikashuka, nikanyoosha koti, nikageuka kuwapanga watu wangu. Barabara tupu.

Mzee Kasiani akatoka barazani. "Mshenga, wenzako?"

"Wako nyuma yangu, mzee."

Akatazama nyuma yangu. Kiti. "Huyu ndiye mkubwa wenu?"

Nikampigia Shangazi, na kwa haraka nikabonyeza spika. "Umewasha kushoto, tumekata kushoto!" akafoka. "Tuko mbele ya duka la mbao, na hapa hakuna binti!"

"Niliwasha kulia, Shangazi."

"Mjomba, kushoto," ikasikika sauti ya Elia, karibu kulia machozi. "Nimeona kwa macho yangu."

Nikawapa anwani. Nilipokata simu, saa nane ilikuwa imefika, na Mzee Kasiani alikuwa ameshazunguka nyuma ya tela. Nikajua anakuja kunishukuru kwa kuja.

"Hebu washa kulia," akasema.

Nikawasha. Ikakonyeza ya kushoto.

"Mbona hivyo?"

"Sijui, mzee. Nami nataka kujua."

Basi akanitazama kwa namna nyingine kabisa. Kwa taratibu zetu hatukupaswa hata kuzungumza kabla ya hodi, lakini akauliza, "Koleo unayo?" akaenda kuleta kadibodi.

Msafara ulipofika, ulikuta jozi mbili za viatu vya ngozi zikichungulia chini ya tela. Shangazi akajifunga kitenge vizuri, akakohoa, akaanza, "Hodi wenyewe, sisi ni wageni tumetoka mbali..."

"Mama, ingia garini uwashe kulia," sauti ikatoka chini.

"Baba Neema, usinitanie leo!"

Kikatoka kichwa cha Mzee Kasiani, paji limejaa kutu. Shangazi akaingia garini. Akawasha.

"Ya kulia hiyo!" akapiga kelele bibi mwenye kiti kutoka mlangoni, kajifunika blanketi.

Mzee akasimama, akajipangusa, akatazama saa. "Mmechelewa." Elia akainamisha kichwa. "Lakini na mimi sijaingia ndani, na bila mimi kikao hakifunguliwi. Pigeni hodi."

Binti tulipewa. Mimi nilipewa sharti: siku ya harusi nisiongoze gari lolote. Nami nimeapa sitafunga tena kitu peke yangu. Hata balbu ya jikoni namwita mke wangu asimame aangalie.

"Imewaka?" nauliza.

"Imewaka, Baba Neema," hunijibu. "Tena imewaka juu."