Posa ya Tapiri

Jumapili ile dada yangu alinitoa kwenye kochi langu, kazi ambayo hata kengele ya moto haijawahi kuiweza, akanipeleka kwake Coon Rapids, huku huku ughaibuni, nikakae kikao kama mjomba. Binti yake, anayesoma biolojia chuo kikuu, alitaka kwenda Brazili msimu mzima kumfuata porini mnyama aitwaye tapiri. Mama mtu alisema haendi popote mpaka mjomba atamke.

Kwetu mimi huitwa kwenye posa tu, utaratibu mwingine siujui. Basi nikauliza ya posa.

Kwanza sura. Nikaonyeshwa picha kwenye simu. Sura mbaya nimeziona, maana hunyoa ndevu zangu mwenyewe kila asubuhi, lakini hii ilinishinda: mwili wa nguruwe, na pua kama mkonga ulioanzwa ukaachwa njiani. Ukoo? Eti ndugu zake ni farasi na kifaru. Nikasema kila ukoo mkubwa una wa kuutia aibu. Kazi? Hana. Mchana analala, usiku anakula majani na matunda, halafu anakunya mbegu.

Mpwa wangu, ambaye siku zote hunijibu kwa Kiingereza, siku hiyo alijikaza kwa Kiswahili, nikajua ana shida kweli.

"Ndiyo kazi yake hiyo, Anko. Kuna miti inaota kwa sababu yake."

Nikasema siku nikisifiwa kwa hilo nitahama mji. Nikaulizia watoto. Mimba yapita mwaka, na anazaa mmoja tu, mwenye mistari kama tikiti. Ndiyo maana, alieleza, misitu ikikatwa na malori yakiwagonga, pengo halizibiki upesi. Na akiona hatari? Anakimbilia majini, anazama. Nikasema mwoga pia, basi tumemaliza.

Dada, aliyekuwa akimimina chai, akanisogezea kikombe.

"Kaka, analala mchana, anapita njia ileile kila siku, anakula peke yake, akisikia mtu anajificha. Umemtukana nani hapo?"

Akacheka mpaka akaweka birika chini. Binti hakucheka. Alikuwa akinitazama mdomo.

"Aende," nikasema. "Tukimkataa huyu, na mimi itabidi mniondoe hapa kabla ya chai."

Katika posa zote nilizokalia, huyu ndiye bwana pekee asiye na habari, na akipata habari ataingia majini.