Kikombe cha Bati cha Ravi

Bhavini alikwenda Ujerumani kusomea utengenezaji wa bia, na bia yenyewe hanywi. Mpaka leo mama yake akiulizwa na majirani anasema binti alisomea kemia. Ukweli ni kwamba alikwenda kwa ajili ya tangawizi. Baba yake, Ravi, ana kiwanda kidogo cha soda ya tangawizi hapa Kenton, kwa Waingereza, kazi waliyotoka nayo Tanga, na wakati huo chupa zake zilikuwa zikipasuka madukani mwa watu. Bhavini aliona wa kumfundisha kuidhibiti chachu ni Mjerumani.

Mimi ni Jokha, kwetu Wete, na huu ni mwaka wangu wa kumi na moja nabandika lebo humo. Nilikuwapo aliporudi na madaftari yake. Ndani ya miaka mitatu mapipa ya plastiki yakatoka, matangi ya chuma yakaingia, mwiko mrefu ukaipisha pampu, na ukutani kikafungwa kioo kinachoonyesha joto, sukari na gesi. Chupa zikaacha kupasuka. Wenye maduka wa Edgware Road, waliokuwa wakituuliza kila mara kama kinywaji chetu kina kilevi, wakapelekewa karatasi ya maabara wakanyamaza. Mimi sikumpenda. Mtu asiyekuamkia asubuhi mpaka asome kioo kwanza, utampendaje? Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: kazi aliijua.

Kitu kimoja hakukigusa. Tangi likikaribia kuwa tayari, Ravi huletewa kikombe chake cha bati. Hunywa funda moja, sote tumesimama, kisha husema "Bado" au "Imeiva". Bila neno lake hakuna chupa inayojazwa. Sheria yake nyingine ni kwamba kiwandani ni Kiswahili, Kigujarati kibaki nyumbani. Bhavini, mzaliwa wa hapa, anavielewa vyote viwili na kujibu Kiingereza.

Mwaka juzi nyuzi za tangawizi ziliziba pampu, maji ya tangawizi yasiingie kwenye tangi hata tone. Kioo hakikuona kitu, maana kinapima sukari na gesi, ulimi hakina. Ravi akanywa funda lake.

"Imeiva," akasema, tukajaza chupa mia nane.

Mchana nikafungua yangu niteremshie sambusa. Sukari na ndimu tupu. Nikamfuata Bhavini ofisini, nikafunga mlango. Alionja, akaiweka chupa chini taratibu.

"It's since that fever," alisema. "He puts chilli on everything and says it's bland. Please, Auntie, don't tell anyone."

"Nimwambie nani, mwanangu?"

Ile homa iliyomlaza mzee ndiyo iliyomwibia ladha, hata pilipili haisikii. Nilijua anachoogopa. Kazi zote za baba yake alishazipa mashine. Ulimi nao ukiondoka, mzee atakuja kiwandani kufanya nini? Chupa zile alizimwaga zote, akawaambia wenzangu vifuniko vilikuwa vibovu. Hapo ndipo nilipoanza kumpenda.

Wiki iliyofuata alifunga kipimo kwenye bomba la tangawizi, na juu ya kioo, mkabala na anaposimama baba yake, taa ndogo ya kijani. Kila kitu kikiwa sawa, inawaka moja kwa moja; kama bado, inawaka na kuzimika. Hakumweleza mtu ni ya nini. Tangu siku hiyo Ravi hakukosea hata mara moja, na wenzangu wakawa wanamsifu: utu uzima dawa. Mimi nikaendelea na lebo zangu.

Mwezi uliopita taa iliungua. Ravi alipokea kikombe, akanywa, akatazama juu. Akanywa tena, jambo ambalo hajapata kulifanya. Tukasubiri. Nilimwonea huruma mpaka nikatamani nidondoshe kreti, watu watazame kwingine.

"Bhavini," akaita. "Taa yako imeungua. Njoo uonje wewe."

Kumbe alikuwa anajua siku zote.

Bhavini alikuja. Miaka yote sijamwona akikitia mdomoni kikombe kile. Akanywa, akakohoa, akajifuta macho.

"Inawasha?" baba yake akamuuliza.

"Inawasha, Papa," akajibu, kwa Kiswahili, mbele yetu sote. "Lakini bado."

Ravi alikiacha kikombe mikononi mwake, akatugeukia.

"Mmesikia," akasema. "Bado."

Siku ile hatukujaza hata chupa moja.